Kutoa Amri Si Udikteta Kila Mara

Wengi huamini kiongozi bora ni yule anayemshirikisha kila mtu katika kila uamuzi, na kwamba anayetoa amri ni dikteta tu. Si kweli.

Imani hiyo haikuzuka hivihivi. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vikundi vya wavulana vilivyoongozwa kwa mitindo tofauti. Wale wa kiongozi mwamrishaji walichapa kazi akiwapo. Akitoka chumbani, kazi ililegea. Walioshirikishwa waliendelea. Lakini zile zilikuwa kazi za mikono zisizo na dharura.

Mgonjwa anapovuja damu mezani, daktari wa upasuaji hawezi kuitisha kikao. "Bana hapa! Leta damu!" Kila mtu anatii, na ndivyo inavyopaswa. Baadaye, wanapochambua kilichotokea, daktari yuleyule anyamaze amsikilize hata muuguzi mgeni, maana huenda ndiye aliyeona kosa.

Mgeni kazini naye huhitaji kuelekezwa hatua kwa hatua, ilhali mzoefu ukimsimamia hivyo unamvunja moyo. Kumwachia mgeni kila kitu kwa kisingizio cha kumwamini, kwangu mimi, ni kumtelekeza.