Kwa nini kamba wa baharini hupungua mikoko ya pwani inapokatwa?

Kamba jike hatagi mayai yake kwenye mikoko, bali hutaga nje baharini, na mayai yakishaanguliwa, vitoto vyake, ambavyo kwa macho havionekani kwa urahisi, huchukuliwa na mikondo na maji yanayojaa hadi kwenye mahori na midomo ya mito, ambako mikoko huota. Huko hukaa wiki kadhaa wakikua, kisha hurudi baharini kukomaa na kuzaa. Ndiyo maana bahari iliyo mbele ya delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, ni miongoni mwa maeneo mashuhuri ya uvuvi wa kamba nchini Tanzania.

Mizizi iliyosongamana huwazuia samaki wakubwa kuingia, na maji ya matope huwaficha wachanga wasionekane. Chakula nacho huanzia kwenye majani yanayopukutika. Majani mabichi yana ukakasi na wanyama wachache huyala, lakini kaa huyaburuta hadi mashimoni mwao na kuyakatakata, kisha bakteria na kuvu huyaozesha, na mabaki hayo pamoja na vijidudu vilivyoyashika huwalisha kamba na vifaranga vya samaki. Kwa hiyo, anayefyeka mikoko ili apate boriti, kuni, shamba la mpunga au bwawa la chumvi anapunguza pia mavuno ya mvuvi asiyewahi hata kufika hapo.

Kupanda upya si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Kila aina ya mti wa mikoko ina mahali pake: mlilana husimama upande wa bahari, ambako maji hukaa muda mrefu, ilhali mchu huvumilia hata udongo wa nchi kavu wenye chumvi kali. Kupanda kila mahali aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa sababu tu mbegu zake ni rahisi kuokota, huishia kwenye miche iliyokufa. Kwa maoni yangu, kulinda msitu uliosimama na kufungua njia za maji zilizozibwa kunapaswa kutangulia upandaji wowote.

Wakazi wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wameonyesha kuwa ulinzi huo unaweza kuleta kipato: tangu mwaka 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanahifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu, na fedha zake hugharimia maji na shule za vijiji. Baadaye mradi wa aina hiyo ulianzishwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.