Mafuta yakishatoka kisimani baharini, kuyachota si rahisi vile unadhani

Kila nikiongea na watu hapa Nairobi kuhusu kuchimba mafuta baharini lazima mtu aniulize, si mafuta huelea, si mtayachota tu? Ni swali la maana na ndo limenifanya niandike hii.

Tuanze na kisima chenyewe. Huko chini mafuta na gesi yamebanwa na presha kubwa sana, kinachoyazuia yasipande ni tope zito linalojazwa kisimani wakati wa kuchimba, kisha saruji, halafu pale sakafuni mwa bahari kunawekwa mtambo wa valvu wenye visu vya kukata bomba na kuziba kila kitu ikibidi. Presha ikishinda uzito wa tope, gesi inapanda, na ikizidi kupanda inazidi kutanuka, ikifika juu ikutane na cheche moja tu ni moto.

Hivyo ndo ilikuwa 20 Aprili 2010 Ghuba ya Mexico, kisima kinaitwa Macondo, rigi, yaani jukwaa la kuchimbia linaloelea, ni Deepwater Horizon, kina cha maji kama mita 1,500. Saruji haikushika. Na kuna kitu hunisumbua hadi leo, kabla ya mlipuko walipima, bomba moja likasoma presha ya pauni 1,400 kwa inchi mraba na lingine sufuri, yaani kisima kilikuwa kinawaambia bado sijafungwa, lakini wakapata maelezo ya kujituliza wakaendelea kutoa tope. Watu 11 walikufa usiku huo, na naomba tuwakumbuke hao kabla hatujafika kwa ndege na kasa. Visu navyo vikashindwa kufunga kwa sababu bomba lilikuwa limepinda ndani.

Bomba la kanjo likipasuka Kayole unakimbia kufunga valvu, kwisha. Huku valvu yenyewe ndo imekwama, iko kilomita moja na nusu chini, hakuna mpiga mbizi wa kufika, ni roboti tu. Walishusha kifuniko kikubwa cha chuma, gesi ikagandana na maji ikawa kama barafu ikaziba njia. Wakajaribu kusukuma tope zito kutoka juu, ikakataa. Siku 87 mafuta yanatoka, mpaka 15 Julai.

Sasa lile swali la kuchota. Serikali ya Marekani ilikadiria mapipa kama milioni 4.9 yalitoka. Kulikuwa na meli, ndege, maboya ya kukinga fukwe, watu zaidi ya 40,000 kazi ilipopamba moto. Kwa makadirio hayo ya serikali, yaliyochotwa juu ya maji ni asilimia 3. Yaliyochomwa asilimia 5. Yaliyonaswa pale pale mdomoni mwa kisima, 17. Jumlisha ni robo tu, na hiyo ni nchi tajiri yenye vifaa karibu! Zile dawa za kutawanya mafuta nazo haziyaondoi, zinayavunja vitone vidogo vidogo yachanganyike na maji, ufukwe unapona kiasi lakini viumbe vya huko ndani ndo vinabeba mzigo.

Mtu wa Nairobi atasema hayo ni ya watu wa Pwani. Lakini leseni zinatolewa hapa, na bahari ya Lamu ishachimbwa, mwaka 2012 kisima cha Mbawa kilipata gesi ingawa haikutosha kwa biashara. Lamu ndo kuna misitu mikubwa kuliko yote ya mikoko Kenya, na mkoko unapumua kwa mizizi ile inayochomoza juu ya matope, mafuta yakiipaka unakosa hewa na hakuna mtu ataingia kusugua mzizi mmoja mmoja.

Macondo ilithibitishwa imezibwa kabisa 19 Septemba 2010, kupitia kisima cha pembeni walichoanza kuchimba mwezi wa tano, yaani kisima cha pili kinachokutana na kile kilichopasuka huko chini ili kisukumiwe saruji ya kukiziba. Kwa hivyo ripoti ya mazingira ya kisima kipya ikiletwa kwa wananchi, hata kama uko Rongai, ifungue uitafute sehemu inayoongea kuhusu kisima cha pembeni na uulize: rigi ya pili ya kuchimba hicho kisima cha pembeni itatoka wapi, na itachukua siku ngapi kufika Lamu?