Benki ikihamia kwenye wingu, dhamana ya ulinzi haihami

Wengi huamini kwamba benki ikipeleka data zake kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni kama Amazon au Microsoft, jukumu la ulinzi nalo limehama. Si kweli, na imani hii ni ya hatari.

Mwenye wingu hulinda majengo, mitambo na mtandao wake. Nani aruhusiwe kusoma taarifa za wateja, na programu za ulinzi zipangwe vipi, hayo ni ya benki.

Tazama Capital One ya Marekani, inayotumia wingu la Amazon. Machi 2019 mdukuzi alichota taarifa za watu wapatao milioni 106 wa Marekani na Kanada. Alipita kwenye programu ya ulinzi ambayo benki yenyewe iliipanga vibaya, akakuta ruhusa pana kupita kiasi. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba benki ilijua Julai tu, kwa barua pepe ya mtu wa nje. Mwaka 2020 mdhibiti wa mabenki, OCC, aliitoza Capital One faini ya dola milioni 80. Amazon haikutozwa.