Nafasi ya obiti: kwa nini madishi ya paa moja hutazama pande mbili

Nafasi ya obiti ni mahali angani ambapo setilaiti imeruhusiwa kukaa, pamoja na masafa, yaani mikondo ya mawimbi ya redio, iliyoruhusiwa kuyatumia ikiwa hapo. Viwili hivyo huenda pamoja. Setilaiti iliyokaa mahali pake bila masafa haina la kurusha.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam ushahidi uko juu ya mapaa ya Sinza, Tabata na Mbagala. Dishi la DStv limelala, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 36 za longitudo mashariki, juu ya ikweta karibu na Nakuru, Kenya. Kwa mtu wa Dar hapo ni karibu na utosini. Dishi la Azam TV kwenye paa hilohilo limegeukia magharibi. Mawimbi yake yanatoka nyuzi 7 mashariki, juu ya bahari karibu na kisiwa cha São Tomé. Mafundi wetu wanazijua pembe hizo kwa mazoea, na wengi hawahitaji hata dira.

Setilaiti hizo zinaonekana kutulia kwa sababu ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenye kimo hicho setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, hivyo dishi likishafungwa halihitaji kuifuata. Njia hiyo ni kama pete inayoizunguka dunia, na pete ya namna hiyo ni moja tu. Mzingo wake ni kama kilomita 265,000, kwa hiyo vyombo kugongana si tatizo kubwa. Tatizo ni mawimbi. Dishi dogo la nyumbani halioni nukta moja, linaona kipande kizima cha anga, na setilaiti mbili zinazotumia masafa yaleyale zikikaribiana, picha huharibika. Kwa kawaida hutenganishwa kwa nyuzi mbili hivi au zaidi, na nyuzi mbili huko juu ni karibu kilomita 1,500. Setilaiti kadhaa zinaweza kukaa nafasi moja endapo zitagawana masafa.

Masafa ya televisheni ya majumbani huwa kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Hukatwa vipande vinavyobebwa na mitambo iitwayo transponda, kila kimoja mara nyingi chenye upana wa megahezi 36, na masafa yaleyale hutumika mara mbili, mawimbi ya wima na ya mlalo. Chaneli ya HD hula nafasi kubwa kuliko ya kawaida. Kampuni inayotaka kuongeza mechi na tamthilia za HD lazima ikodi transponda zaidi au ibane picha zaidi, na mtazamaji huuona ubanaji huo mpira unapokwenda kasi.

Azam TV na DStv hazishindani kwa kumiliki anga. Zote mbili zimepanga kwa Eutelsat, kampuni ya Ufaransa. Kinachoifanya nafasi iwe ghali ni madishi ambayo tayari yameielekea, kama fremu ya Kariakoo inavyopanda bei kwa sababu wateja wamezoea kupita hapo. Kampuni ikihama nafasi, fundi lazima apande kila paa. Ndiyo maana setilaiti inapozeeka, baada ya miaka kama 15, mrithi wake hupelekwa palepale. Eutelsat 36D ilirushwa kutoka Florida Machi 2024 ili ichukue mahali pa 36B, iliyoanza safari mwaka 2009.

Je, nani hugawa nafasi hizi? Ni Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wenye makao Geneva. Kampuni hupitia serikali, na kwa sehemu kubwa anayetangulia kuomba ndiye hutangulia kupata. Kwangu hapo ndipo penye uzito, kwa sababu nchi zenye roketi na fedha zilitangulia. Mwaka 1976 nchi nane za ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilikutana Bogotá na kudai kwamba sehemu ya pete iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga, na dai hilo halikukubaliwa. Hata hivyo, kilio chao cha kuachwa nyuma kilikuwa cha haki.

Mwaka 1977 mkutano wa ITU huko Geneva ulizitengea nchi za Afrika, Ulaya na Asia nafasi za televisheni hata kama hazikuwa na setilaiti. Kwa huduma nyingine foleni ya anayetangulia kuomba iliendelea. Tonga, visiwa vidogo vya Pasifiki, iliomba nafasi 16 miaka ya 1980 na kupata sita, kisha ikawa inazikodisha. Maombi ya setilaiti za kwenye karatasi, zilizoombewa nafasi bila kuundwa, yalirundikana. Sasa mwombaji hupewa miaka saba kuweka chombo chake. Asipokiweka, haki yake inakufa.

Nafasi nyingi za Afrika nazo ziliharibika taratibu kwa mwingiliano wa majirani waliojaa pembeni. Mkutano wa 2019 huko Sharm el-Sheikh ulizifungulia nchi zilizoathirika mlango wa kuomba upya, na ule wa Dubai mwaka 2023 ukazipitisha nyingi. Lakini setilaiti moja ya matangazo, pamoja na kuirusha, hugharimu mamia ya mamilioni ya dola. Nchi yenye nafasi lakini haina fedha hizo huendelea kupanga kwa wengine.