Kichanga katulia siku nzima, ndo ameshiba?

Mwanangu ana siku nne, analala tu wala hasumbui. Si ameshiba huyo?

Hapana mama. Unakuta kichanga analetwa zahanati amelegea, midomo imekauka, utosi umebonyea, ukiuliza unaambiwa "alikuwa mtulivu tu nesi, hata halii." Halii kwa sababu hana nguvu ya kulia! Mtoto asiyepata maziwa anaishiwa nguvu, akiishiwa nguvu haamki kunyonya, asiponyonya ndo anazidi kulala. Kutulia sio kushiba.

Sasa nitajuaje?

Angalia mkojo. Siku ya kwanza walau mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, kuanzia siku ya tano mara sita au zaidi kwa masaa 24. Pampasi inaficha, mfunge nepi ya kitambaa uone mwenyewe. Choo kinaanza cheusi, mpaka siku ya tano kiwe cha njano. Akinyonya usikie anameza. Uzito kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida ila wiki mbili zisipite hajaurudisha, kwahiyo kliniki usikose.

Maziwa yenyewe yanatoka kidogo, ya njano.

Ndo yanayotakiwa, tumbo lake bado dogo. Usiyamwage.

Mama mkwe anasema kwa joto hili la Dodoma nimpe maji.

Mheshimu mama mkwe, ila maji usimpe. Maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji tayari. Ukimpa maji tumbo linajaa, hanyonyi, na asiponyonya maziwa yanapungua, halafu mnaanza kusema mama hana maziwa. Wewe ndo unywe maji, yeye nyonyo tu mpaka miezi 6.

Akilala nimuamshe kweli?

Ndio, muamshe! Mchana na usiku, mara 8 mpaka 12. Mfunue nguo, msugue nyayo, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Narudia tena, kutulia sio kushiba. Kama haamki, au ananyonya kidogo tu analala tena kila mara, mkojo umepungua, macho yamekuwa ya njano, au mwili una joto kali au umepoa, muwahishe kituo cha afya leo hiihii, hata kama ni usiku. Uwe Bahi, uwe ndani huko Chamwino, usingoje siku ya mnada eti ndo magari yanapatikana, tafuta bodaboda, na njiani mkamulie maziwa kwenye kikombe kisafi umjaribishe kidogo kidogo kama bado anameza.