Je, wajua kwa nini mstari mmoja wa wimbo ukirudiwa gizani unatuliza kichwa?

Mara ya kwanza kuingia kwenye sala ya namna hii nilidhani umeme umekata. Kanisa giza, mbele kuna mishumaa kibao imepangwa kwenye matofali, watu wamekaa chini kwenye mikeka na hakuna hata mmoja anayeulizia jenereta. Nikakaa karibu na mlango, yaani kwa kujihami, ikizidi nachomoka. Wakaanza kuimba mstari mmoja tu, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako", maneno ya yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, Luka 23:42. Wakamaliza, wakaanza tena. Na tena. Kufika mara ya nane hivi nikajisemea hawa wamesahau ubeti wa pili. Baadaye kidogo nikashtuka kwamba nimeacha kuhesabu na mabega yangu yameshuka, na hata sijui yalikuwa yamepanda tangu lini.

Sa swali ndo hilo, inakuwaje?

Sala hizi zinaitwa sala za Taizé, tamka Teze. Taizé ni kijiji kidogo huko Burgundy, Ufaransa, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka Cluny palipokuwa na ile monasteri kubwa ya zamani. Agosti 1940, vita imepamba moto, kijana mmoja Mswisi wa miaka 25 anaitwa Roger Schutz alifika pale na baiskeli, akanunua nyumba karibu na ule mpaka uliogawa Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani na ile nyingine, akawa anaficha wakimbizi, wakiwemo Wayahudi. Alikuwa Mprotestanti. Pasaka ya 1949 yeye na wenzake, jumla saba, wakaweka nadhiri za maisha, baadaye Wakatoliki nao wakajiunga, na mpaka leo mabruda wa madhehebu haya tofauti wanakaa nyumba moja na wanakula jasho lao wenyewe, ufinyanzi wa vyungu ni kazi mojawapo. Michango na urithi hawapokei. (Hii peke yake ingetosha makala nyingine kabisa, manake huku kwetu tumezoea bahasha.)

Sasa sikia kilichonishangaza. Ule mtindo wa nyimbo fupi haukubuniwa ili watu watulie. Mwanzoni mabruda walikuwa wanaimba zaburi kwa Kifaransa kama kawaida. Ila vijana wakaanza kumiminika, Wajerumani, Wahispania, Waitaliano, Wapoland, na kufika miaka ya 1970 ikawa shughuli, unawaimbishaje watu wasioelewana lugha halafu wengi wao wanakaa wiki moja tu wanaondoka? Wakamtafuta Jacques Berthier, mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Ignace pale Paris, akawatungia vipande vifupi vya mstari mmoja au miwili ambavyo mgeni anavishika ndani ya dakika mbili. Nyingi zikawekwa kwenye Kilatini, kwa sababu Kilatini si lugha ya nyumbani ya mtu yeyote, hivyo hakuna anayejiona mwenyeji wala anayejiona kaachwa. Mfano "Ubi caritas et amor, ubi caritas Deus ibi est", yaani palipo na upendo, Mungu yupo. Basi. Huo ndo wimbo mzima.

Kwa hiyo walikuwa wanatatua tatizo la wageni, utulivu ukaja wenyewe.

Mtu wa huku atasema mbona hii ni pambio tu. Ni kweli kabisa, na mi nadhani ndo maana tunaielewa haraka kuliko tunavyodhani. Pambio nalo ni mstari mmoja, halina kitabu, mgeni analidaka hapohapo. Ila angalia linakwenda wapi: pambio likirudiwa linapanda, makofi yanaongezeka, kinanda kinachangamka, mwisho watu wanatokwa jasho na vitambaa viko hewani. Wimbo wa Taizé ukirudiwa unashuka. Spidi ileile, sauti inazidi kuwa laini, mtu mmoja anaimba beti juu yake kwa mbali huku wengine wanaendelea na mstari uleule, sauti nne zimepangana, hakuna anayenyoosha mkono kuongoza. Sisemi pambio ni baya, mi mwenyewe Jumapili utanikuta napiga makofi, ila kazi zake ni mbili tofauti.

Mwilini kinachotokea kinaeleweka vizuri tu. Ukiimba taratibu huwezi kupumua ovyo, unavuta hewa haraka halafu unaitoa polepole mpaka mstari uishe. Na ukitoa pumzi ndefu mapigo ya moyo yanapungua kidogo, ile sehemu ya neva inayotuliza mwili inachukua usukani. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilitoa utafiti wa timu ya Luciano Bernardi kutoka Italia, walichukua watu 23 wakawapima wakisali Rozari kwa Kilatini, na pia wakisema mantra za yoga, yale maneno mafupi ya kurudiarudia. Kumbe Salamu Maria moja ikisaliwa kwa Kilatini, mmoja anaanza mwingine anamalizia, inachukua kama sekunde kumi, hivyo pumzi inashuka mpaka karibu mara sita kwa dakika. Mtu mzima aliyekaa kimya kwa kawaida anapumua kama mara 12 na zaidi. Na kwenye hiyo sita, moyo na presha vinaanza kwenda pamoja kwa mwendo mmoja. Bibi zetu na rozari zao jioni walikuwa wanafanya zoezi la kupumua bila kuambiwa na mtu.

Halafu kuna kichwa chenyewe. Wimbo wa beti tano unakushughulisha, unasoma, unageuza ukurasa, unaogopa kukosea. Mstari mmoja baada ya dakika tatu haukudai chochote. Macho yanaacha karatasi. Mdomo unaendelea wenyewe na wewe unabaki na nafasi ndani. Wamonaki wa jangwani Misri walilijua hili zamani sana, Yohane Kasiano miaka ya 400 aliandika jinsi walivyokuwa wanarudia kutwa nzima kile kimstari cha Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, ee Bwana, unisaidie hima".

Na mishumaa? Kwanza giza linaondoa aibu, hakuna anayekuona umevaa nini au unalia. Pili jicho linapata pa kutua, mwali unacheza kidogo lakini hauleti habari mpya, tofauti na simu. Ila kwa Wakristo kuna zaidi ya hapo. Pale Taizé kila Ijumaa usiku msalaba wenye picha unalazwa chini, watu wanaenda mmojammoja kuweka paji la uso juu yake, halafu Jumamosi usiku kila mtu anapewa mshumaa na moto unasambaa mkono kwa mkono, Jumapili ni ufufuko. Aliyewahi kukesha Mkesha wa Pasaka anaujua moto huo, sema wenyewe wanaufanya kila wiki. Na nta ikikudondokea kidoleni inauma kweli, jifunze kuinamisha mshumaa usiowaka kuelekea ule unaowaka na sio kinyume chake, mi nilijifunza kwa machungu.

Sasa tunafika penyewe, kimya. Nyimbo zote zile ni njia tu. Katikati ya sala linasomwa neno fupi la Biblia, hakuna mahubiri kabisa, halafu watu wanakaa kimya dakika nane mpaka kumi hivi. Kwa tuliozoea mchungaji kusema "tunyamaze kidogo" na baada ya sekunde tano anaanza kuomba kwa sauti, dakika nane ni ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Jaribu nyumbani hivi hivi, kaa tu chini unyamaze, uone: ada ya shule, meseji ambayo hujajibu, jiko umezima au hujazima. Ila ukitoka kwenye nyimbo nne za pole pole, pumzi imeshashuka, mwili umeshakaa. Mawazo yanakuja bado, tusidanganyane, lakini yanapita kama bodaboda barabarani, unasikia muungurumo halafu yameenda. Na ule mstari wa mwisho unaendelea kwa ndani bila wewe kuusukuma, mtu akipotea anarudi kwenye huo mstari.

Bruda Roger aliuawa kwenye sala hiyohiyo, 16 Agosti 2005, ana miaka 90, mwanamke mgonjwa wa akili alimchoma kisu kanisani sala ya jioni ikiendelea. Kwenye mazishi mrithi wake, Bruda Alois, alimwombea msamaha huyo mwanamke mbele ya umati. Sala mara tatu kwa siku zinaendelea mpaka leo. Nasi Afrika Mashariki hatuko mbali na hawa watu, walikuja Nairobi Novemba 2008 na Kigali Novemba 2012, maelfu ya vijana wakalala kwenye nyumba za waumini.

Kitu kingine, sala ya jioni haina mwisho rasmi. Hakuna matangazo, hakuna "amani ya Bwana iwe nanyi nyote nendeni". Mabruda kadhaa wanabaki kusikiliza mwenye lake moyoni, wengine wanaendelea kuimba hadi usiku, anayetaka kutoka anatoka kimyakimya. Usiku ule wangu nilitoka wa mwisho mwisho, mimi niliyekaa mlangoni ili nichomoke mapema, na nilitoka kwa sababu mlinzi alikuja akanigusa bega akaninong'oneza, "kaka samahani, nataka kufunga geti."