Maabara ya pamoja ya NMR: maana yake, na kwa nini huitwa ya pamoja

Maabara ya pamoja ya NMR ni maabara ya chuo kikuu yenye mtambo wa kubainisha muundo wa molekuli, isiyomilikiwa na idara moja bali hutumiwa kwa zamu na wakemia, wafamasia, watafiti wa kilimo na hata wageni wa vyuo vingine. Herufi NMR husimamia mwitiko wa sumaku wa viini vya atomu. Neno "viini" lisimtishe msomaji, kwa kuwa hapa hakuna mionzi ya nyuklia. Kazi yote hufanywa na sumaku na mawimbi ya redio.

Tuseme mtafiti wa Dodoma ametenga kemikali kutoka katika maganda ya zabibu na anataka kujua ni kitu gani hasa. Huyeyusha miligramu chache katika takriban nusu mililita ya kiyeyushi ambacho haidrojeni yake imebadilishwa kwa deuteriamu, yaani haidrojeni nzito, ili kiyeyushi chenyewe kisifunike alama za sampuli, kisha huutia myeyusho huo katika mrija wa kioo wenye kipenyo cha milimita 5. Ndani ya sumaku yenye nguvu ya tesla 9.4, viini vya haidrojeni huitika mawimbi ya redio ya megahezi 400 hivi, lakini si vyote kwa masafa yaleyale, kwa sababu elektroni hukikinga kila kiini kwa kadiri tofauti kulingana na atomu zilizo jirani nacho. Tofauti hizo ni ndogo mno, za sehemu chache tu katika milioni, nazo ndizo zinazoufichua muundo. Ethanoli, kwa mfano, ina makundi matatu ya haidrojeni, na ukubwa wa alama zake huwa katika uwiano wa 3:2:1, sawa na idadi ya haidrojeni katika kila kundi.

Sababu ya kushirikiana ni gharama, na kwa maoni yangu gharama nzito zaidi si ya kununua bali ya kutunza. Koili ya sumaku hukaa ndani ya heliamu ya kimiminika yenye nyuzi -269 za Selsiasi, ikizingirwa na nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi -196. Umeme ukikatika sumaku haipotei, kwa kuwa mkondo huendelea kuzunguka ndani ya koili bila kizuizi. Heliamu, hata hivyo, huvukizwa kidogo kidogo, na isipojazwa kwa wakati, koili hupata joto na heliamu yote huchemka kwa ghafla, hata kuweza kusukuma hewa ya kupumua nje ya chumba. Kwa hiyo chuo hugharimia mtambo mmoja na fundi wake, na watafiti huweka zamu, hulipia saa wanazotumia, au humwachia fundi mirija awapimie. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo haruhusiwi kuukaribia mtambo, kwa sababu ya sumaku yake.